Kuirudisha Ukumbini Filamu ya Siasa Iliyosahaulika: Mwongozo kwa Waandaaji wa Nairobi

Watu wengi wanaotaka kuonyesha filamu ya zamani ya siasa hapa Nairobi huanza kwa kutafuta projekta, kisha ukumbi, kisha kibali, na tafsiri hukumbukwa siku mbili kabla ya onyesho. Ningekushauri ufuate mpangilio ulio kinyume cha huo. Projekta hukodishwa kwa siku moja, ilhali tafsiri nzuri huchukua majuma kadhaa, na filamu ya siasa ambayo mtu wa safu ya nyuma hakuielewa ni sawa na filamu ambayo haikuonyeshwa, hata picha ikiwa safi namna gani.

Ili maelezo haya yasielee hewani, nitatumia filamu moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho: Sambizanga, iliyoongozwa na Sarah Maldoror mwaka 1972. Inasimulia habari za Domingos Xavier, mfanyakazi wa ujenzi nchini Angola, ambaye anakamatwa na PIDE, polisi wa siri wa Ureno, na kupelekwa Luanda. Mkewe, Maria, anambeba mtoto mgongoni na kuanza safari ya kumtafuta, ofisi moja hadi nyingine, gereza moja hadi jingine, huku kila afisa akimwelekeza kwa mwenzake. Domingos anateswa hadi kufa bila kumtaja mtu, na filamu inaishia pale ambapo wenzake wanapanga shambulio la tarehe 4 Februari 1961, siku ambayo Waangola wengi huihesabu kuwa mwanzo wa vita vyao vya ukombozi. Sambizanga ni jina la mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Luanda. Kwa kuwa vita vilikuwa vikiendelea Angola, filamu ilipigwa Kongo-Brazzaville, na wengi walioonekana ndani yake hawakuwa waigizaji wa kazi bali watu wa vyama vya ukombozi.

Itazame mara tatu kabla ya kumwambia mtu yeyote

Mara ya kwanza itazame kama mtazamaji wa kawaida. Mara ya pili shika kalamu na uandike kila mahali unapohisi kwamba mtu wa Nairobi atakwama: jina la chama, cheo cha afisa, mzaha ambao hauvuki mpaka. Mara ya tatu itazame pamoja na mtu asiyependa siasa, halafu nyamaza na umwangalie yeye badala ya skrini. Nilipofanya hivyo na jirani yangu, fundi wa cherehani, alikaa kimya wakati wa mazungumzo yote ya chama, lakini Maria alipofika ofisi ya tatu na kuambiwa tena arudi nyuma, alisema bila kugeuka, "Huyu naye hatampata leo." Hapo nikajua onyesho letu litasimama juu ya nini.

Jambo hili lina uzito kwa sababu filamu nyingi za siasa kali hutangazwa kwa bunduki zilizomo, na Sambizanga haina bunduki nyingi. Ina mwendo wa mwanamke. Kuna wakosoaji waliomlaumu Maldoror wakati ule kwamba amefanya picha zake kuwa nzuri mno kwa jambo zito kiasi hicho. Mimi naona uzuri huo ndio unaomzuia mtazamaji asigeuze uso. Nairobi, tena, ina sababu yake ya kuitazama. Mwezi wa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Freedom Corner, katika Bustani ya Uhuru, wakidai wana wao waachiliwe, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, na polisi walipowatawanya kwa marungu walihamia kanisa la All Saints. Baada ya maandamano ya Juni 2024 kuna familia nyingine zilizozunguka vituo vya polisi zikiuliza jina moja. Huhitaji kuyaeleza haya kabla ya filamu kuanza. Watazamaji watafika hapo wenyewe.

Haki na nakala

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaipa kazi ya sauti na picha ulinzi wa miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ambao kazi ilitengenezwa, ilifikishwa kwa umma au ilichapishwa, kutegemea tarehe ipi ilikuja mwisho. Kwa hesabu hiyo wapo watakaokuambia kwamba filamu ya 1972 ni ya bure. Usikimbilie huko. Sambizanga ilitokana na hadithi ya mwandishi wa Angola, Luandino Vieira, na ulinzi wa kazi ya fasihi hufuata maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Muziki nao una wenyewe. Zaidi ya hayo, nakala iliyo safi haiko mikononi mwa umma: filamu hii ilirejeshwa upya mwaka 2021 chini ya mradi wa urithi wa filamu za Afrika ulioanzishwa na The Film Foundation (taasisi ya Marekani ya kuhifadhi filamu), FEPACI (shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika) na UNESCO kwa ushirikiano na Cineteca di Bologna, hifadhi ya filamu ya Italia, na nakala hiyo hupatikana kwa makubaliano peke yake.

Basi andika barua. Eleza ukumbi ni upi, una viti vingapi, utaonyesha mara ngapi, kiingilio ni kiasi gani au hakuna, na kwamba unataka kuweka tafsiri ya Kiswahili. Hili la mwisho lisiwe sentensi ya pembeni, kwa sababu ruhusa ya kutafsiri ni ruhusa tofauti na ile ya kuonyesha. Wenye haki za filamu za aina hii mara nyingi ni familia ya mwongozaji au taasisi ndogo ya kuhifadhi kumbukumbu zake, na kwa uzoefu wangu barua ya ukurasa mmoja iliyo wazi huwapendeza kuliko fomu ndefu. Wape majuma sita. Wakiomba ada, jibu kwa kueleza hali yako halisi; ada nyingi hupungua onyesho linapokuwa la bure na la jamii.

Nakala za intaneti zilizochakaa ziache. Tuliwahi kuonyesha filamu nyingine ya zamani kwa nakala tuliyopewa na rafiki wa rafiki, huku tafsiri ikiwa imeandaliwa juu ya nakala tofauti. Moja ilikwenda picha 24 kwa sekunde na nyingine 25. Dakika ya kwanza hakuna aliyeona kitu. Kufikia katikati, maneno ya mwanamume yalitokea mwanamke akifungua kinywa, na mwishoni mwa filamu ya dakika 100 pengo lilikuwa limefika dakika nne kamili: mtu alikuwa anazikwa na maandishi yanaomba chai. Ukumbi ulicheka. Sijasahau kicheko kile.

Tafsiri, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Watu wawili wanatosha: mmoja anayejua lugha ya filamu, mmoja anayeandika Kiswahili vizuri, na wakae chumba kimoja. Mazungumzo ya Sambizanga ni ya Kireno na lugha za Kiafrika, na si rahisi kumpata mtu wa Nairobi anayezijua zote. Ukilazimika kutafsiri kutoka manukuu (maandishi ya tafsiri yanayotokea chini ya picha) ya Kiingereza au Kifaransa, tafuta angalau msikilizaji mmoja wa Kireno apitie kazi, maana manukuu yoyote tayari yamepunguza maneno, na kutafsiri kilichopunguzwa ni kukipunguza mara ya pili.

Kanuni za kimaumbile ni chache na hazina mjadala. Usizidi mistari miwili kwa wakati mmoja, wala herufi 40 hivi kwa mstari. Mpe msomaji kama sekunde moja kwa kila herufi 13, na usiache maandishi yoyote chini ya sekunde moja au zaidi ya sekunde saba. Chukua sentensi ya mfano: "Nimemtafuta kila kituo, hakuna anayejua." Ina herufi 40 ukihesabu nafasi na nukta, kwa hiyo inataka sekunde tatu. Kiswahili kina baraka yake hapa, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Hawakumwona" ni neno moja mahali ambapo lugha nyingine zinataka manne. Hasara yake iko kwenye nomino, pale tunapopanga "polisi wa siri wa serikali ya Ureno" kama mabehewa ya treni. Ukikata mstari, usiliache neno kama "wa", "ya" au "kwa" likining'inia mwishoni peke yake. Lipeleke chini pamoja na nomino yake, kwa sababu jicho husoma kwa mafungu.

Hifadhi faili la manukuu kwa mfumo wa UTF-8, la sivyo kila jina la Kireno lenye alama juu ya herufi litageuka takataka kwenye skrini. Tumia herufi nyeupe zenye ukingo mweusi, kwani katika filamu yenye jua kali na mashati meupe maandishi meupe yasiyo na ukingo hupotea kabisa.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, ambapo filamu ya siasa kali hupona au hufa. Neno "itikadi kali" huku kwetu limekwisha kuchukuliwa na habari za ugaidi. Ukiliandika kwenye bango au kwenye barua ya maombi, utakuwa umemwita msomaji afikirie jambo ambalo filamu hailisemi. Andika "siasa za ukombozi" au "msimamo mkali wa kisiasa". Neno "mapinduzi" lina historia mbili. Kwa Mzanzibari ni Januari 1964 na sikukuu ya taifa. Kwa mkazi wa Nairobi aliyekuwa amefikia umri wa kuelewa mambo tarehe 1 Agosti 1982, ni wanajeshi kwenye redio na risasi mitaani. Mhusika anapozungumzia kuwaondoa wakoloni, "ukombozi" humfikisha msikilizaji haraka zaidi. "Mapinduzi" liweke pale anapozungumzia kuupindua mfumo mzima.

Je, utaitafsiri vipi ile salamu ya wanachama, neno wanaloitana kama wenzi wa mapambano? Tanzania wangeandika "ndugu" bila kufikiri. Nairobi "ndugu" ni wa kanisani au wa tumbo moja, na "komredi" ni la wanafunzi wa chuo kikuu, na siku hizi la wanaharakati pia. Mimi nimechagua "komredi" kwenye mikutano ya siri na "ndugu" pale jirani anapomhurumia jirani. Mwenzangu hakukubali, tukabishana jioni nzima, na bado sijui kama mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Kuna pia mshonaji mmoja katika filamu, Mussunda, anayewafundisha wenzake kwamba mgawanyiko wa kweli ni kati ya matajiri na maskini, wala si wa rangi za ngozi. Mtafsiri kijana atashawishika kuandika "hasla". Asithubutu. Neno hilo lina uchaguzi wa 2022 ndani yake, na nusu ya ukumbi itaacha kumsikiliza mshonaji ianze kukumbuka ilimpigia nani kura. "Walalahoi" linafaa zaidi, na "maskini" linafaa kuliko yote, kwa kuwa ndivyo mshonaji angesema. Vivyo hivyo kwa msaliti: wapo watakaotaka "ngati", jina la walinzi waliowatumikia Waingereza wakati wa Mau Mau, lakini neno hilo litaihamisha Luanda hadi Murang'a kwa sekunde moja, na filamu haikuomba uhamisho.

Usitafsiri kila kitu. Maria anapolia, acha skrini bila maandishi. Wimbo unaorudiwa utafsiri mara ya kwanza tu.

Huenda mtu akapendekeza mumwite msimulizi wa moja kwa moja, kama ilivyo desturi ya mabanda ya video ambako DJ Afro na wenzake wamewazoesha watazamaji kusikia filamu ikisimuliwa upya kwa Kiswahili cha mtaani. Ninaiheshimu kazi hiyo kuliko wanavyoiheshimu wasomi wengi, kwa maana wasimulizi hao ndio waliogundua kwamba mtu wa kawaida hana deni la kuelewa lugha asiyoijua. Hata hivyo, kwa filamu hii singeitumia, kwa sababu kimya chake ni sehemu ya maneno yake. Kilicho cha busara ni kuwaweka wasaidizi wawili, mmoja kila upande wa ukumbi, waketi na wazee wasioona maandishi vizuri na kuwasomea kwa sauti ya chini.

Kibali

Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, filamu inayoonyeshwa kwa umma inapaswa kuwa na cheti cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na bango lake pia hupitishwa na bodi hiyo. Watu husahau bango. Peleka maombi mapema, pamoja na nakala ya filamu, muhtasari, barua ya wenye haki na manukuu ya Kiswahili yakiwa tayari yamewekwa. Afisa anayesoma mazungumzo kwa lugha anayoielewa hana haja ya kukisia, na ukisiaji ndio unaozaa tahadhari. Madaraja ni manne: GE kwa watu wote, PG kwa watoto wakiwa na mzazi, 16 na 18. Filamu yenye mateso ya mahabusu usiitarajie ipate GE, kwa hiyo usiahidi shule yoyote kabla ya jibu.

Muhtasari uandike kwa ukweli. Wapo wanaodhani ni werevu kuificha siasa na kuandika kwamba filamu ni "hadithi ya mapenzi ya mume na mke". Hila hiyo hukurudia siku ya onyesho, na hukufanya uonekane una jambo la kuficha wakati huna. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza na wa ubunifu wa kisanaa, kikiacha nje mambo kama uchochezi wa ghasia, propaganda ya vita na matamshi ya chuki. Filamu ya kihistoria kuhusu mtu aliyekufa bila kuwataja wenzake iko mbali na hayo. Ikitokea bodi imekataa, omba sababu kwa maandishi. Mwaka 2018 filamu ya Kenya iliyopigwa marufuku, Rafiki, ilipata amri ya Mahakama Kuu ya kuonyeshwa kwa siku saba, na watu walipanga foleni. Sikushauri uanze na mahakama; nakukumbusha tu kwamba uamuzi wa bodi una mahali pa kupingiwa.

Ukumbi

Majumba ya sinema ya zamani yamebaki majina ya vituo. Unapanda matatu Odeon, unazunguka Globe, unashuka Bellevue, na hakuna filamu hata moja; Shan ya Ngara imekuwa Sarakasi Dome, na majumba mengine yamegeuka makanisa. Vituo vya utamaduni vya katikati ya jiji vina vifaa vizuri na watu wakarimu, lakini wanaofika huko ni wale wale wanaofika kila mara, mimi nikiwa mmoja wao.

Kwa filamu hii ningekwenda Kaloleni. Katika ukumbi wa kijamii wa mtaa huo, tarehe 23 Aprili 1950, kwenye mkutano wa pamoja wa KAU (Kenya African Union, chama cha siasa cha Waafrika) na East African Indian National Congress, chama cha Wahindi, Makhan Singh alitoa azimio la kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai akiwa rais wake. Tarehe 15 Mei mwaka huo huo alikamatwa, akazuiliwa hadi mwaka 1961. Yaani wakati watu wa Luanda wanavamia gereza mwezi Februari 1961, mtu aliyesimama Kaloleni na kutamka neno lile alikuwa bado kizuizini. Mambo mawili kama haya yakiwekwa chumba kimoja huzungumza yenyewe kwa yenyewe.

Kumbi za kijamii ziko chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Omba kwa barua, lipa kwa njia rasmi na utunze risiti, kisha nenda kamwone msimamizi wa ukumbi ana kwa ana, kwa sababu ndiye mwenye funguo. Mwone pia mzee wa mtaa. Si suala la ruhusa. Ni adabu, na atakuambia kama siku hiyo kuna matanga.

Picha, sauti na stima

Tatizo kubwa la ukumbi wa kijamii ni sakafu bapa. Kwenye jumba la sinema viti hupanda kuelekea nyuma, hapa vyote viko sawasawa, na kichwa cha mtu aliye mbele hufunika sehemu ya chini ya skrini, yaani mahali penyewe palipo na tafsiri uliyoihangaikia. Inua skrini hadi ukingo wake wa chini uwe angalau mita moja na nusu kutoka sakafuni. Ikishindikana, hamishia manukuu juu ya picha. Haipendezi, lakini husomeka. Keti mwenyewe kiti cha mwisho pembeni, umweke rafiki mrefu mbele yako, na usome.

Skrini ya upana wa mita nne inawatosha watu 150. Projekta ikiwa na uwiano wa umbali kwa upana wa picha wa 1.5, iweke mita sita kutoka skrini. Hesabu ni upana mara uwiano, basi. Tafuta projekta yenye mwanga wa lumeni 5,000 au zaidi. Onyesho la mchana linataka madirisha yazibwe kwa kitambaa cheusi, na kitambaa chembamba hakizuii jua la Nairobi la saa tisa, kwa hiyo kikunje mara mbili. Usiivute picha ijae skrini. Filamu za zamani zina umbo lake, na kuzinyoosha huwafanya watu wote wawe wanene.

Kuta za saruji hurudisha mwangwi. Weka spika mbele, kando ya skrini, juu kidogo ya vichwa vya walioketi, punguza besi, na ukumbuke kwamba ukumbi uliojaa watu humeza sauti kuliko ukumbi mtupu uliojaribia asubuhi.

Stima itapotea. Panga kama kwamba ni hakika. Kifaa cha akiba chenye betri cha VA 1,500 kitashikilia projekta na kompyuta kwa dakika chache, muda wa kutosha kwa mtu mmoja, aliyeteuliwa kwa jina na asiye na kazi nyingine, kuwasha genereta iliyo nje upande ambao upepo haurudishi moshi. Projekta ya balbu ina hatari ya ziada, kwa sababu umeme ukikatika ghafla feni husimama balbu ikiwa bado moto, na huenda isiwake tena mpaka ipoe. Ile ya leza haina shida hiyo. Kebo ya HDMI ikizidi mita 15 huanza kukatakata picha, kwa hivyo kompyuta ikae karibu na projekta, wala si nyuma ya ukumbi pamoja na mwendeshaji na chai yake.

Siku, saa na bango

Jumamosi, saa nane mchana. Filamu ina takriban dakika 100, kwa hiyo itaisha kabla ya saa kumi, mjadala utafika saa kumi na moja, na mtu wa Kayole au Kawangware atapata matatu kabla nauli haijapanda. Chunguza ratiba ya ligi ya Uingereza na zaidi sana ile ya Gor Mahia na AFC Leopards. Hakuna mwongozaji aliyewahi kuishinda siku ya Mashemeji, timu hizo mbili zinapokutana. Kwenye bango weka picha ya Maria akitembea, jina, mwaka, daraja, mahali, saa, na maneno "kwa manukuu ya Kiswahili" yakiwa makubwa kuliko jina la tamasha lolote.

Mlangoni na baada ya taa kuwaka

Usikusanye majina wala namba za vitambulisho mlangoni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uwe na sababu halali ya kila taarifa unayochukua, na kwa onyesho la bure huna sababu. Orodha ya waliohudhuria filamu ya siasa ni kitu ambacho hutaki kikutwe mikononi mwako. Picha za wasikilizaji zipigwe kwa nyuma, au kwa ridhaa. Kabla ya kuanza, mtu aseme kwa sentensi mbili kwamba kuna matukio ya mateso na kwamba anayetaka kutoka atoke bila kuomba radhi. Ukumbi wa watu wengi hauwezi kukosa mtu aliyeyapitia.

Filamu ikiisha, usiwashe taa zote mara moja na usimpe mtu kipaza sauti kwa dakika tatu. Zihesabu kwa saa. Kisha mwenyekiti wa mjadala aanze na swali dogo linalohusu kilichoonekana, kwa mfano: Maria aliambiwa nini katika ofisi ya kwanza? Maswali makubwa, kama "Je, vita vilikuwa halali?", yakitangulia humkabidhi mjadala msemaji hodari aliyekuja na hotuba yake mfukoni, na Nairobi hatupungukiwi na watu hao. Usimwalike mwanasiasa kuketi meza kuu. Akija mwenyewe, mkaribishe kiti kama mgeni yeyote mwingine, na zamu yake ifike inapofika.

Wazee wa mtaa wapewe nafasi mapema, kwa heshima yao na kwa faida yako, maana wanaikumbuka Kaloleni ya zamani. Wasemapo "Bwana Mwenyekiti, mimi sina mengi", jiandae kwa dakika kumi na usimkatize mzee mbele ya wajukuu. Akizidisha, mwandikie karatasi, apelekewe na kijana aliye karibu naye. Asiyekubaliana na filamu naye asikilizwe hadi mwisho. Nimewahi kumsikia mama mmoja akisema, baada ya filamu ya namna hii, kwamba wanaume wale walikuwa wakarimu sana kwa maisha yao na wachoyo kwa wake zao, na tulikaa saa nzima juu ya sentensi hiyo moja, vijana wakipinga, akina mama wakiongeza ushahidi, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kuhusu chama.

Kufunga hesabu

Rudisha viti, mlipe msimamizi wa ukumbi siku hiyo hiyo, futa faili la filamu kama mkataba unavyotaka, na uwaandikie wenye haki ukiwaambia ni watu wangapi walikuja na walibishana kuhusu nini. Faili la manukuu usilifute. Litume kwao likiwa na majina ya watafsiri wote wawili na tarehe, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini mliandika "komredi" hapa na "ndugu" pale, ili mwandaaji wa Kisumu au Mombasa atakayeomba filamu hiyo mwaka ujao apewe vyote kwa pamoja, na akitaka kubadilisha neno ajue anabadilisha nini.